Ngozi Nyeusi na Maradhi Yajifichayo

Mara nyingi twasikia mzazi akisema: «Mtoto huyu ana baka tu, litaondoka lenyewe.» Baka haliwashi, haliumi, halitoi usaha. Mtoto acheza, ala vizuri, aenda shuleni. Kwa nini basi kupoteza siku nzima kwenye kituo cha afya? Hata mwuguzi naye pengine atatazama upesi upesi, atatoa dawa ya choa, kisha atamwita mwingine, maana watu wengi wangoja. Mwaka wapita, na wa pili wapita. Halafu siku moja kidole kidogo cha mtoto chaanza kujikunja, wala hakinyoki tena. Hapo ndipo watu waanzapo kunong’ona juu ya sumu na ulozi. Kumbe ugonjwa ulikuwa umeandikwa juu ya ngozi yake tangu mwanzo, ila hapakuwa na mtu wa kuusoma.

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya kusoma huko. Maana ngozi nyeusi ina maandishi yake. Ugonjwa ule ule ambao kwa Mzungu waonekana mwekundu kama pilipili, kwetu waweza kuonekana mweusi, au wa rangi ya majivu, au usionekane kabisa. Anayetafuta wekundu peke yake atarudi mikono mitupu, naye mgonjwa atarudi nyumbani na ugonjwa wake.

RANGI YATOKA WAPI?

Ngozi ya mtu yeyote ina tabaka mbili kubwa. Ile ya juu ni nyembamba. Ile ya chini ni nene zaidi, nayo imejaa mishipa midogo ya damu. Mwishoni mwa tabaka ya juu, pale inapopakana na ya chini, mna chembe zenye kazi ya kutengeneza rangi iitwayo melanini. Wengi wadhani kwamba mtu mweusi ana chembe nyingi za namna hiyo kuliko Mzungu. Sivyo. Hesabu yake ni karibu sawa kwa watu wote. Tofauti ni hii: kwa mtu mweusi punje za rangi ni kubwa zaidi, zaenea moja moja, nazo hukaa muda mrefu kabla ya kuvunjika. Hiyo ni kinga njema sana dhidi ya jua kali. Wenye ualbino wana chembe hizo pia, lakini hazitengenezi rangi ya kutosha. Ndiyo sababu jua lawaunguza na kuwaletea kansa ya ngozi wangali vijana.

Sasa fikirini dirisha lenye kioo. Mahali penye ugonjwa, mishipa midogo hujaa damu na kupanuka. Kwa Mzungu, damu hiyo yaonekana mara moja, kama vile mtu atazamavyo ndani ya nyumba kupitia kioo kitupu. Kwetu sisi, melanini ni pazia lililotundikwa mbele ya kioo. Damu imo ndani, nayo imejaa vile vile, lakini mwanga ukipita katika pazia huzimwa sehemu kubwa. Kinachotoka nje si wekundu tena, bali ni weusi uliozidi, au zambarau, au kahawia iliyokolea.

Tuchukue mfano wa surua. Vitabu vingi vyasema kwamba mtoto mwenye surua ana madoa mekundu mwilini. Mama anayengoja madoa mekundu juu ya mtoto wake mweusi aweza kungoja bure. Afadhali atazame macho yenye maji na wekundu, asikilize kikohozi, aangalie mafua na homa, achungulie ndani ya mashavu kama pana vidoa vidogo vyeupe, na apapase ngozi kwa kiganja: vipele atavisikia kabla ya kuviona.

Tena pana jambo jingine. Ngozi nyeusi haisahau upesi. Ugonjwa ukiisha kupona, mahali pale pabaki na alama nyeusi au iliyopauka kwa miezi mingi. Watu huona alama, wakasema: «Bado hajapona,» nao huongeza dawa juu ya dawa, mpaka dawa zenyewe zawa ugonjwa. Alama si ugonjwa. Ni jivu la moto uliokwisha kuzimika.

VITABU VILIVYOANDIKWA KWA NGOZI MOJA

Kwa miaka mingi vitabu vya maradhi ya ngozi viliandikwa Ulaya na Marekani, na picha zake nyingi zilichukuliwa kwa wagonjwa wa huko. Vitabu hivyo hivyo ndivyo vilivyosomwa na wanafunzi wengi wa uganga katika Afrika. Hata namna ya kuzipanga ngozi ilianzia kwa Wazungu. Mwaka 1975, daktari Mmarekani Thomas Fitzpatrick alitoa mpango wa kuzigawanya ngozi kufuatana na jinsi zinavyoungua kwa jua. Mpango ule wa kwanza ulikuwa na aina 4, zote za watu weupe. Baadaye ndipo zilipoongezwa aina ya 5 na ya 6, ili watu wa rangi ya kahawia na watu weusi nao wapate nafasi.

Mwaka 2020, kijana mmoja aliyezaliwa Zimbabwe, jina lake Malone Mukwende, alikuwa mwanafunzi wa uganga katika Chuo Kikuu cha St George’s huko London. Aliona kwamba walimu wafundisha dalili kama zionekanavyo juu ya ngozi nyeupe, lakini hakuna anayewaonyesha jinsi zilivyo juu ya ngozi kama yake. Hakuishia kunung’unika. Pamoja na walimu wake wawili alitunga kitabu kidogo chenye picha, kiitwacho Mind the Gap, kinachoonyesha dalili za maradhi juu ya ngozi nyeusi na ya kahawia. Kitabu hicho kilisomwa katika nchi nyingi. Enyi wanafunzi, mwangalieni kijana huyo: swali jema la mwanafunzi laweza kuwafungua macho hata walimu.

Na jambo hilo si la zamani tu. Siku hizi wataalamu wametengeneza mashine zinazotazama picha ya ngozi na kutaja ugonjwa. Zile zilizofunzwa hasa kwa picha za watu weupe hukosea zaidi zikionyeshwa ngozi nyeusi. Mashine ni kama mtoto: yajua yale iliyofundishwa.

UKOMA: BAKA LISILOUMA

Kati ya maradhi yote ya ngozi, hakuna lililoogopwa kuliko ukoma, wala hakuna lililosemwa kwa uongo mwingi kuliko hilo. Mwaka 1873, huko Bergen katika Norway, daktari Gerhard Armauer Hansen aliona kwa hadubini kijidudu kinacholeta ugonjwa huo. Mwaka huo huo, Padri Damiano, Mbelgiji, aliingia kisiwa cha Molokai kuishi na watu waliofukuzwa kwa sababu ya ukoma. Siku moja mwezi wa Desemba 1884, alitia mguu wake katika maji ya moto sana. Ngozi ilifanya malengelenge, lakini yeye hakusikia maumivu. Hapo alitambua kwamba ameambukizwa. Aliaga dunia tarehe 15 Aprili 1889, na mwaka 2009 Kanisa lilimtangaza kuwa mtakatifu.

Angalieni vizuri: si rangi iliyomwonyesha Padri Damiano ugonjwa wake, bali ni ganzi. Kijidudu cha ukoma chapenda kukaa katika ngozi na katika mishipa ya fahamu. Kikila mshipa, mahali pale hapasikii tena. Hiyo ndiyo alama kubwa ya ukoma kwa watu wa rangi zote.

Juu ya ngozi nyeusi, ukoma mara nyingi huanza kwa baka moja au machache yaliyopauka. Pengine baka lina wekundu kidogo kama shaba. Haliwi jeupe kabisa. Laweza kuwa kavu, bila jasho, na nywele zake zimepungua. Lakini mabaka yaliyopauka ni mengi duniani, na mengi yake si ukoma. Tuyapange, ili watu wasitishwe bure.

Mba hufanya vidoa vingi kifuani, shingoni na mgongoni. Ukiparua kidogo kwa ukucha, unga mwembamba watoka. Choa hufanya mviringo, ukingo wake umeinuka, nao wawasha sana. Watoto wengi wana mabaka hafifu mashavuni, makavu kidogo, ambayo hutoweka yenyewe wakikua. Mbalanga ni weupe mtupu, kama chokaa. Alama ya kuzaliwa ipo tangu siku ya kwanza, wala haibadiliki. Tena kando ya mito yenye maji ya kasi, mahali penye usubi, wazee wengine wana madoa meupe kwenye miundi, mithili ya ngozi ya chui. Hiyo ni kazi ya minyoo ya ugonjwa ule uletao upofu. Katika mabaka hayo yote, mtu aguswapo husikia. Katika baka la ukoma, mara nyingi hasikii.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Mwuguzi huchukua pamba, huisokota ncha yake iwe nyembamba, kisha humwonyesha mgonjwa atakalofanya, asije akaogopa. Mgonjwa hufumba macho. Mwuguzi hugusa ngozi nzima, kisha baka, kisha ngozi tena. Na kila aguswapo, mgonjwa huonyesha kwa kidole mahali alipoguswa. Akipaonyesha pengine pote, lakini akaliruka baka, neno limekwisha kusemwa. Hata hivyo, mahali pamoja pataka uangalifu: uso una mishipa mingi ya fahamu, na kwa hiyo baka la usoni laweza kusikia mguso, nalo likawa la ukoma vile vile.

Mganga mwema hataishia kwenye baka. Atapapasa mshipa ulio nyuma ya kiwiko na ule ulio pembeni mwa goti, aone kama umevimba. Atatazama nyusi kama zimepungua, na ndewe za masikio kama zimenenepa. Maana kuna ukoma usio na baka la kuonekana wazi: ngozi yang’aa tu na kuwa laini, hata majirani husema mtu huyu amenawiri. Katika aina hiyo vijidudu ni vingi mno, na hadubini huviona upesi. Katika aina ya mabaka machache, hadubini mara nyingi haioni kitu. Kwa hiyo jicho, mkono na pamba vyabaki kuwa vyombo vya kwanza.

Kwa nini twasema mengi juu ya ukoma? Kwa sababu dawa ipo. Tangu miaka ya 1980 wagonjwa hupewa dawa kadhaa pamoja, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bila malipo katika nchi zote. Mwenye mabaka machache hutibiwa miezi 6; mwenye mengi miezi 12. Muda mfupi baada ya kuanza dawa, hawezi tena kumwambukiza mtu. Moja ya dawa hizo huweza kuigeuza ngozi iwe nyeusi zaidi kwa muda; mgonjwa asiiache kwa sababu hiyo, kwani rangi yake itarudi polepole. Lakini dawa haiwezi kurudisha kidole kilichokatika, wala kuufufua mshipa uliokufa zamani.

Hapa kwetu Kongo jambo hilo lajulikana tangu zamani. Karibu na Mbandaka, mji uliokuwa ukiitwa Coquilhatville, palikuwa na kijiji cha wagonjwa wa ukoma mahali paitwapo Yonda, ambapo daktari Mbelgiji Michel Lechat alifanya kazi miaka ya 1950. Mwaka 1959 mwandishi Mwingereza Graham Greene alikwenda kukaa huko, kisha akatunga kitabu chake A Burnt-Out Case. Jina hilo lamaanisha mgonjwa ambaye ukoma umemwunguza mpaka ukazimika wenyewe: vijidudu vimekwisha, lakini vidole pia vimekwisha. Amepona, naye hana mikono. Ndiyo faida mbaya ya kuchelewa.

Ukoma haujatoweka. Mwaka 2023 watu zaidi ya 180,000 waligunduliwa kuwa nao ulimwenguni, na Kongo ni miongoni mwa nchi ambazo Shirika la Afya Duniani lazipa nafasi ya kwanza katika kazi hiyo. Ugonjwa huchukua kwa kawaida miaka 5 hivi kabla ya kujionyesha, na pengine 20. Watu wengi sana wana nguvu ya asili ya kuushinda, wala hawataugua hata wakikaa karibu na mgonjwa. Basi kumfukuza mtu kijijini ni dhambi juu ya ujinga.

KIVIMBE KISICHOUMA

Yapo maradhi mengine ambayo jicho peke yake haliwezi kuyakamata, mpaka mkono usaidie. Mojawapo ni kidonda cha Buruli. Jina lake latoka katika wilaya ya Buruli huko Uganda, ambako wengi walionekana nacho. Na mapema zaidi, mwaka 1897, daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikuwa amekwisha kuandika juu ya vidonda vinavyofanana navyo. Katika Kongo ugonjwa huu wajulikana hasa upande wa Kongo ya Kati, katika eneo la Songololo, na hospitali ya Kimpese imewatunza wengi.

Huanza kwa kivimbe kidogo chini ya ngozi, mara nyingi mkononi au mguuni. Kivimbe hakiumi, hakina joto, wala mtoto hana homa. Pengine si kivimbe, bali ni sehemu pana iliyokuwa ngumu kama ubao. Kijidudu chake hutoa sumu inayoua nyama na kuyanyamazisha maumivu. Baada ya majuma kadhaa ngozi hupasuka, na hapo kidonda huonekana kidogo juu, lakini chini kimechimba mbali, kama mto uliokula ukingo wake wakati majani ya juu yangali yamesimama. Waletwao mapema huponywa kwa dawa za kumeza kwa majuma 8. Waletwao wakiwa wamechelewa huhitaji kupasuliwa na kubandikwa ngozi, na wengi hubaki na kiungo kisichokunjuka.

Twayaona hapa mafundisho yale yale. Watu wa kwetu hupima ugonjwa kwa maumivu: kinachouma ndicho kibaya. Lakini katika ngozi, kisichouma chaweza kuwa kibaya zaidi.

Tuongeze kansa iitwayo kwa jina la daktari Moritz Kaposi, aliyeiandika huko Vienna mwaka 1872. Waganga wa Kongo na wa Uganda waliifahamu hata kabla ya Ukimwi, na baada ya Ukimwi imezidi. Vitabu vya Ulaya vyasema ina mabaka ya zambarau. Juu ya ngozi nyeusi mabaka hayo ni ya kahawia nzito au meusi kabisa, hata mtu adhani ni kovu au jeraha la kugongwa. Mganga afahamuye hufungua kinywa cha mgonjwa na kutazama juu, penye kaakaa, kwa sababu huko hakuna pazia nene la melanini, na zambarau yaonekana wazi.

WAYO NA UKUCHA

Kuna kansa nyingine itokayo katika zile chembe zenyewe zinazotengeneza rangi. Waganga huiita melanoma. Kwa Wazungu ni ya kawaida, na jua huichochea. Kwa watu weusi ni ya nadra sana, na kwa hiyo wengi husema: «Hiyo si kansa yetu.» Neno hilo limewaua watu. Maana ikimpata mtu mweusi, mara nyingi haitokei mahali panapopigwa na jua, bali kwenye wayo, kiganjani, au chini ya ukucha, mahali ambapo hakuna mtu atazamaye.

Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika, ambaye nyimbo zake zajulikana hata kwetu, aligunduliwa kuwa nayo mwaka 1977 chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Watu walidhania kuwa ni jeraha la mpira wa miguu. Aliaga dunia tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36.

Msiogope kila mstari mweusi wa ukucha. Watu weusi wengi wana mistari hiyo katika kucha kadhaa, nayo si kitu. Lakini ukucha mmoja ukibadilika peke yake, mstari wake ukapanuka, na weusi ukaenea mpaka kwenye ngozi iliyo nyuma ya ukucha. Au doa la wayo likikua, likitoa damu, likiwa kidonda kisichofunga: hapo msingoje. Basi jioni, mtu aoshapo miguu yake, aigeuze nyayo na kuzitazama. Ni kazi ya dakika moja.

TUSIUFICHE UGONJWA KWA MAFUTA

Hatuwezi kumaliza bila kusema juu ya mafuta na sabuni za kujichubua, zinazouzwa sokoni katika miji yetu yote. Hatuandiki ili kuwachekelea akina dada. Twaandika kwa sababu mafuta hayo huyafuta maandishi tuliyosema. Mengine yana zebaki, ambayo huharibu figo. Mengine yana hidrokinoni. Waganga wa Afrika ya Kusini walionyesha mwaka 1975 kwamba waliojipaka hiyo kwa miaka mingi hupata mwishowe weusi wa bluu usoni, uliochimba ndani, ambao hauondoki kwa dawa. Waliutafuta weupe, wakapata weusi usiokuwa wao.

Na mengine yana dawa kali za kutuliza mwasho, ambazo mganga huzitoa kwa kipimo na kwa siku chache tu. Mtu mwenye choa akijipaka hizo, mwasho hutulia, ukingo wake hupotea, naye afurahi. Lakini chini ya utulivu huo kuvu chaenea kama moto katika nyasi. Akifika kwa mganga, choa hakifanani tena na choa. Wazazi wengi huwapaka hata watoto wachanga mafuta hayo, wakiyaita dawa ya vipele. Mkienda kutibiwa, chukueni vichupa vyote mlivyotumia, mvionyeshe bila haya. Mganga hakuja kuwahukumu. Ataka kujua nani aliyefuta maandishi.

YAFAA TUFANYE NINI?

Kwanza, baka, kivimbe au kidonda kisichopona kwa majuma machache kionyeshwe kwenye kituo cha afya, hasa ikiwa hakiumi. Pili, mgonjwa atazamwe katika mwanga wa mchana, karibu na dirisha au mlango, wala si gizani chini ya taa hafifu. Avue nguo kwa heshima inayompasa, ili mwili wote uonekane. Mama au binti aliye na haya aombe kutazamwa na sista au mwuguzi wa kike. Tatu, mkono usaidie jicho: papasa kama pana joto, ugumu, uvimbe au ganzi. Nne, linganisheni mahali penye ugonjwa na ngozi nzima ya mtu yule yule, wala si na picha ya mtu wa taifa jingine. Swali si «Je, ni nyekundu?» Swali ni «Je, imebadilika namna gani kuliko ngozi yake ya jana?» Na hilo hakuna ajuaye kuliko mama, mume, mke au ndugu wa mgonjwa. Basi semeni, mkiulizwa, na hata msipoulizwa.

Msaada waongezeka. Huko Moshi, katika Tanzania, tangu mwaka 1992 pana shule ya maradhi ya ngozi inayowafundisha waganga na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika, juu ya wagonjwa Waafrika wenyewe. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mpango wa kuyatafuta maradhi ya ngozi yaliyosahauliwa yote pamoja, ili mwuguzi atazamaye ukoma atazame pia kidonda cha Buruli na upele. Na mwezi wa Mei 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliamua kwamba maradhi ya ngozi yahesabiwe kuwa jambo kubwa la afya kwa mataifa yote.

Lakini mipango ya Geneva haitaingia ndani ya nyumba kumvua mtoto shati. Kazi hiyo ni ya wazazi wamwogeshapo, ya mwalimu amwonapo mwanafunzi aliyeungua kidole kwa sufuria bila kulia, ya mwenzake wa darasani ambaye, badala ya kumcheka mwenye baka, amwambia: «Twende pamoja kwa mwuguzi.» Wazee walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Tusingoje kilio. Jumapili ya mwisho ya mwezi wa Januari ni siku ya wagonjwa wa ukoma ulimwenguni pote, iliyoanzishwa na Raoul Follereau mwaka 1954. Siku hiyo twawaombea. Yafaa basi siku nyingine zote za mwaka tuwatazame.